Kupanda Mlima kwa Viatu vya Theluji kwa Siku Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi wa Unguja na Pemba

Ukurasa huu umeandikwa Wete kwa ajili ya vijana wetu wanaokwenda kusoma kaskazini mashariki ya Marekani na ambao, mara tu theluji inapoanza kuanguka, hualikwa na wenzao wa chuo kwenda kupanda mlima siku ya Jumamosi. Niliishi huko miaka minne, nikapanda mara nyingi na kurudi njiani mara kadhaa, na maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa karibu kila mwaka, barazani na kwa simu. Mifano yangu inatoka zaidi katika White Mountains za jimbo la New Hampshire kwa sababu ndiko nilikotembea, ingawa mambo ya nguo, maji na wakati yanafaa pahala popote penye theluji.

Viatu vya theluji ni kitu gani hasa, na kwa nini buti peke yake haitoshi?

Aliyewahi kuvuka tope la mikoko maji yakiwa yamekupwa analijua jibu kabla ya kuambiwa. Ukikanyaga kwa mguu mtupu unazama hadi gotini, lakini ukitandika ubao unapita juu yake, kwa kuwa uzito ule ule umetawanyika kwenye eneo kubwa zaidi. Kiatu cha theluji ni ubao huo uliofungwa mguuni. Zamani kilikuwa fremu ya mti uliopindwa na kusukwa kwa kamba za ngozi, ufundi wa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Siku hizi ni cha aluminiamu au plastiki ngumu. Unavaa buti yako kama kawaida, unaiweka juu ya fremu na kuikaza kwa mikanda, na mbele ya mguu hushikwa ilhali kisigino huinuka kila unapopiga hatua, kama mtu aliyevaa champali. Chini yake kuna meno ya chuma ya kung'ata barafu, na vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya milima huwa pia na kipande cha waya mnene cha kuinua nyuma, ambacho kisigino hukiegemea kwenye mteremko mkali ili misuli ya mashavu ya miguu ipumzike.

Vya kupandia milima aghalabu vina urefu wa kati ya sentimita 56 na 76, na huchaguliwa kwa uzito wako ukijumlisha na wa mkoba wako. Usinunue mara ya kwanza. Kodi, au azima kwa rafiki. Pamoja navyo chukua fimbo mbili za kutembelea zenye visahani vipana chini, kwani fimbo isiyo na kisahani huzama yote na kukuangusha.

Nimezaliwa kisiwani ambako hakuna mlima. Nitaweza?

Utaweza, mradi usianze na mlima wa kujisifia. Ni kweli kwamba kilima kirefu kabisa cha Unguja, upande wa Masingini, hakifiki mita 150, na kwamba vilima vya Pemba, kwa wingi wao wote, vinachosha magari kuliko watu. Lakini kinachotakiwa mlimani ni mapafu na mapaja, na hivyo havijui umezaliwa wapi. Mwezi mmoja wa kupanda na kushuka ngazi za dakhalia ukiwa na mkoba wenye vitabu mgongoni ulinisaidia kuliko jambo jingine lolote nililolifanya.

Kilele ninachompendekezea mgeni ni Mount Pierce, chenye mita 1,314, kinachofikiwa kwa njia iitwayo Crawford Path. Njia hiyo ilichongwa mwaka 1819 na Abel Crawford na mwanawe Ethan, na inahesabiwa kuwa njia kongwe kuliko zote Marekani ambazo zimeendelea kutunzwa na kutumika kwa wapanda milima. Kwenda na kurudi ni kiasi cha kilomita 10, na utapanda takriban mita 730 kutoka barabarani. Wakati wa theluji kundi la kawaida lihesabu saa tano hadi saba. Sehemu kubwa ya njia iko ndani ya msitu wa misonobari, ambamo upepo haukupati, na unatoka kwenye uwazi karibu tu na kileleni. Hilo ndilo linaloufanya mlima huo kuwa mwalimu mzuri. Kwa urefu huo hakuna ugonjwa wa kukosa hewa kama ule wa Kilimanjaro, kwa hiyo ukijisikia unazunguliwa na kichwa, tafuta sababu nyingine, na mara nyingi sababu ni kwamba hujala wala hujanywa maji.

Baridi yenyewe ni ya kiasi gani?

Friza la nyumbani linalogandisha jodari mpaka akalia kama kuni huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Asubuhi ya kawaida ya Januari chini ya milima hiyo inaweza kuwa hivyo hivyo, au hata kuzidi. Hata hivyo, mtu anayetembea na aliyevaa vizuri haioni baridi hiyo kuwa adui mkubwa. Adui ni upepo. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 48 kwa saa huufanya mwili upoteze joto kana kwamba ni nyuzi 32 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa.

Jirani ya Mount Pierce, kwenye safu hiyo hiyo, upo Mount Washington, wenye mita 1,917, ambako tarehe 12 Aprili 1934 ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa. Hakuna kituo kilichopima upepo mkali kuliko huo mpaka mwaka 1996, kimbunga kilipopita kisiwa cha Barrow huko Australia. Kituo cha hali ya hewa kilichoko kileleni hutoa utabiri wa vilele kila siku, na utabiri huo ndio wa kusomwa, si ule wa mjini, kwani mji ulio bondeni unaweza kuwa na jua tulivu wakati kileleni mtu hawezi kusimama wima. Mgeni akialikwa Mount Washington wakati wa theluji kwa safari yake ya kwanza, ajibu kwa adabu kwamba atawangoja kwenye mkahawa.

Nivae nini? Je, koti zito halitoshi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapokosea, nami nilikosea kuliko wote. Safari yangu ya kwanza nilivaa fulana ya pamba, jinzi, sweta mbili na koti zito nililolinunua kwa pesa zangu zote, nikaona nimejikinga na kila balaa. Baada ya nusu saa ya kupanda nilikuwa nimelowa jasho kama mchukuzi wa bandarini. Tulipotoka msituni na upepo ukatupiga, fulana ile iligeuka kitambaa cha barafu kilichonata mgongoni, na jinzi ikakakamaa kuanzia magotini hadi chini, ikawa inagonga kama makuti makavu. Sikuwa nimeguswa na tone la maji kutoka nje. Maji yote yale yalikuwa yangu mwenyewe.

Pamba hunywa maji na haikauki, na ikilowa haikutunzii joto. Kwa hiyo kitu kinachogusa ngozi kiwe cha sufu (manyoya ya kondoo) au cha nailoni ya michezo, juu yake vazi la manyoya mepesi ya polista, na juu kabisa koti jembamba lisilopitisha upepo. Koti zito linakaa ndani ya mkoba, nalo huvaliwa mnaposimama, si mnapotembea. Dalili kwamba umevaa sawasawa ni kuwa dakika kumi za mwanzo unajisikia kijibaridi. Ukiondoka garini ukiwa umepata joto la kutosha, jua kwamba utatota kabla hujafika mbali, basi simama uvue vazi moja mapema hata kama wenzako wanakuchekea. Mkononi chukua jozi mbili za glavu, na bora zaidi ni zile zisizotenganisha vidole, kwa sababu vidole vilivyokaa pamoja hupashana joto. Jozi ya pili si anasa: niliwahi kumwona mwenzangu akivua moja ili apige picha, upepo ukaichukua, na tukaitazama ikivuka bonde mithili ya kishada kilichokatika uzi.

Miwani ya jua ni lazima, hata kwa wavulana wanaoona kuvaa miwani ni mapozi. Theluji mpya hurudisha sehemu kubwa mno ya mwanga wa jua, zaidi kuliko mchanga mweupe wa Paje wakati wa adhuhuri, na macho yakiungua maumivu huanza baada ya saa kadhaa, ukiwa umeshafika nyumbani. Jua hilo hilo huchoma chini ya kidevu na ndani ya tundu za pua, pahala ambapo hakuna anayefikiria kupaka mafuta.

Mimi ni msichana na navaa hijabu. Kuna tatizo?

Hakuna, na kwa kweli wasichana wetu walikuwa na faida, kwa kuwa wenyeji wote pale hujifunika kichwa, masikio na shingo kwa vitambaa wanavyovinunua kwa bei ya juu. Chagua mtandio wa sufu laini au wa kitambaa cha michezo, usio na pini za chuma karibu na ngozi, na uchukue wa akiba, kwani pumzi hulowesha sehemu iliyo mdomoni na kuigandisha. Sketi ndefu inayopwaya huingia kwenye meno ya kiatu na kukuangusha. Dada mmoja niliyefuatana naye alivaa suruali pana ya upepo na juu yake koti lililofika magotini, na hakuna aliyepanda kwa raha kama yeye. Kanga na buibui viacheni garini, vikavu, kwa ajili ya kubadilisha mkirudi.

Udhu na sala vinakuwaje?

Masuala ya hukumu muulize shekhe wako kabla ya kusafiri. Mimi nitaeleza tu tulivyokuwa tukifanya. Tulitawadha nyumbani kwa maji ya moto, tukavaa khufu juu ya udhu kamili, na baada ya hapo tukawa tunapaka juu yake, jambo ambalo mkaazi anaruhusiwa kwa siku moja na usiku wake, na msafiri kwa siku tatu. Aliyetoka Boston kwenda milima hiyo amekwisha kuwa msafiri, kwa hiyo tulikuwa tukikusanya na kupunguza adhuhuri na alasiri.

Kinachowashangaza wageni ni saa zenyewe. Katikati ya Disemba adhuhuri huingia kabla ya saa sita mchana, alasiri hukaribia saa nane, na magharibi ni baada ya saa kumi kidogo tu. Kibla kwa upande ule huelekewa kaskazini mashariki, jambo ambalo miguu yetu sisi tuliozoea kusimama kuelekea kaskazini hulikataa siku za mwanzo. Kwa kuswalia chukua kigodoro chembamba cha sponji badala ya msala, kwani theluji huyeyuka chini ya magoti na kupenya.

Tubebe chakula na maji gani?

Maji ya kunywa lita mbili kwa mtu, yaliyotiwa chupani yakiwa moto, chupa ikafungwa ndani ya soksi nene na kuwekwa kichwa chini miguu juu. Maji huganda kuanzia juu, kwa hiyo chupa iliyopinduliwa itaota barafu kwenye kitako, na kifuniko kitabaki kinafunguka. Mpira wa kunyonyea maji huganda mapema kabisa, usiutegemee. Wala usile theluji kwa kiu, kwa maana mwili utatumia joto lake kuiyeyusha, nalo ndilo joto unalolitafuta.

Chakula kiwe kidogo kidogo na mara kwa mara, kwani kukaa kitako kwa mlo wa saa moja ni kujigandisha. Tende ni bora kuliko vyote, ila zitoe kokwa nyumbani na uziweke mfuko wa ndani wa koti. Ukiziacha mkobani zitakuvunja jino. Visheti na kashata vinastahimili. Halua ya Wete niliyotumiwa na watu wa nyumbani niliipandisha mlimani mara moja tu, ikawa kama soli ya kiatu, tukairudisha ilivyo na kuila garini ilipolainika. Chupa ya chai yenye tangawizi na karafuu mbili tatu ndiyo iliyonipatia marafiki wengi zaidi kuliko Kiingereza changu.

Kwa nini wenyeji wanasisitiza sana saa ya kurudi?

Kwa sababu ile ile inayomfanya mkulima wa mwani asiendelee kufunga kamba zake maji yakishaanza kujaa. Mwezi wa Disemba jua huzama saa kumi na dakika chache, na chini ya misonobari giza huingia kabla ya hapo. Kundi hukubaliana saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, tuseme saa saba mchana, na saa hiyo ikifika mnageuka hata kama kilele mnakiona. Kila mmoja awe na taa yake ya kichwani, si taa ya simu, kwani betri ya simu hufa ghafla kwenye baridi. Simu yenyewe iweke karibu na mwili.

Nimewahi kugeuzwa mara tatu. Mara moja tulikuwa tumebakisha mwendo wa robo saa, na kiongozi wetu, kijana mpole aliyekuwa mdogo wangu kwa miaka miwili, alitazama saa yake, akatazama wingu lililokuwa likishuka kutoka upande wa Mount Washington, akasema tu, "Haya, turudi." Nilinuna njia nzima. Tulipofika garini hatukuweza kuuona mlima wote.

Kundi linatembea vipi?

Kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote, na hakuna kuachana. Theluji ikiwa mpya, aliye mbele ndiye anayeikanyaga na kuwachongea wengine njia, kazi inayochosha mno, kwa hiyo kila baada ya dakika kumi au kumi na tano hukaa kando, wenzake wakampita, naye akajiunga mkiani, kama wavuvi wanaopokezana kamba wakivuta juya. Asijitie mtu ushujaa wa kubaki mbele. Na usivue viatu vya theluji kwa kuwa vimekuchosha ukatembea kwa buti: utaacha mashimo marefu yatakayoganda usiku, na kesho yake mwingine atavunjika mguu humo. Njia ikiwa imekandamizwa na kuwa ngumu, hapo ndipo watu hubadilisha na kuvaa minyororo ya meno ya chuma juu ya buti.

Hatari nyingine ni zipi?

Ya kwanza ni kuganda kwa ngozi, hasa pua, masikio na vidole. Vitabu vingi huandika kwamba ngozi huwa nyeupe; kwa weusi wetu huonekana zaidi kama rangi ya majivu, na alama ya kuaminika ni kwamba kidole kilichokuwa kikiuma kimeacha kuuma. Usikisugue, na kamwe usikisugue kwa theluji. Kitie kwapani, chako au cha mwenzako.

Ya pili ni mwili mzima kupoa, joto lake likashuka chini ya nyuzi 35. Mtu hutetemeka, kisha maneno yakaanza kumlemea, kisha akajikwaa bila sababu, na mara nyingi husisitiza kwamba hana neno. Usimsikilize. Mvue kilicholowa, mvike kikavu, mpe kitu kitamu na cha moto ikiwa anaweza kumeza mwenyewe, na muanze kushuka. Akiacha kutetemeka na bado hajapata joto, hilo ni jambo la kuita waokoaji.

Ya tatu mgeni haioni kabisa. Pembeni mwa njia, theluji hufunika misonobari mifupi na kuacha uwazi chini ya matawi, ukikanyaga hapo unadidimia hadi kifuani na viatu vyako vinanaswa na matawi huko chini. Bakia kwenye njia. Maporomoko ya theluji hayaisumbui njia ya msituni niliyoitaja, lakini magenge ya Mount Washington kama Tuckerman Ravine yana kituo chake cha kutoa tahadhari za maporomoko, na hiyo peke yake ni sababu ya kutokwenda huko bila mjuzi.

Ni kweli ndege huja kukaa mkononi?

Ni kweli. Ni ndege wa kijivu wa ukoo wa kunguru, na pale Mount Pierce wamezowea watu. Ukimjua kunguru wa Mji Mkongwe utamtambua jamaa yake kwa wizi, ingawa huyu ana adabu zaidi na kucha zake hazisikiki kwenye ngozi.

Siendi Marekani. Naweza kujaribu karibu na nyumbani?

Kwa viatu vya theluji, hapana. Theluji ya Kilimanjaro iko juu, kuelekea mita 5,895, na hiyo ni safari ya siku kadhaa. Lakini kwa siku moja unaweza kupanda kutoka lango la Marangu hadi Mandara, kwenye mita 2,720, na kuujua msitu, ukungu na baridi ya kweli, hasa wakati wa kipupwe. Nguo ni zile zile nilizozieleza.

Kiswahili kina maneno ya vitu hivi?

Kina ya kutosha. Theluji tumeipata kwa Waarabu, na barafu kwa Waajemi, ambao kwao neno hilo ndiyo theluji yenyewe. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro mwaka 1848, kiongozi wa msafara wake hakuwa na jina jingine la kuuita ila baridi, na wataalamu wa Ulaya walibishana kwa miaka kama palikuwa na theluji kweli karibu na ikweta.

Nyumbani niwaambie nini?

Waambie jina la mlima, mnaondoka saa ngapi na mtarudi saa ngapi, na mwachie maelezo hayo hayo rafiki aliyebaki chuoni, kwa kuwa ndiye atakayeweza kupiga simu pakiharibika. Msimu huo Zanzibar iko mbele kwa saa nane, hivyo mkishuka saa kumi jioni huku ni saa sita ya usiku. Usidhani kwamba wamelala. Mara ya kwanza nilipopiga, mama alipokea kabla simu haijalia mara mbili, akaniuliza kama nimekula, kisha akaniuliza hiyo theluji ina ladha gani.